Laptopu kwenye TV ya bibi: waya, picha na sauti hatua kwa hatua

Video ya kipaimara cha mdogo wangu tuliitazama mara ya kwanza kule Uru, juu ya meza ya chakula, kwenye laptopu ya inchi 14. Tulikuwa watu 13. Watoto walikaa chini mbele, wakubwa tukasimama nyuma ya viti. Bibi, ambaye ndiye aliyeisubiri video hiyo kuliko wote, alikaa hatua mbili tu kutoka kwenye kioo, lakini kila baada ya muda anauliza, "Huyo ni nani?" Hakuwa amesahau watu wake. Nyuso zilikuwa ndogo kama punje za maharage. Na ukutani, juu ya kabati, TV ya inchi 32 ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Tangu siku hiyo waya wa HDMI haukosi kwenye begi langu nikipanda kijijini. Hatua hizi naziandika kwa ajili yako unayetoka Dar au Arusha kuja Moshi Desemba, na laptopu yako ina video ya harusi, ubatizo au mazishi ambayo wazee hawajaiona vizuri. Zitamfaa pia aliyepanga chumba Pasua au Majengo mwenye laptopu na TV vikikaa pamoja bila kujuana. Huhitaji TV mpya. Huhitaji TV yenye intaneti, wala bando. Unahitaji waya unaolingana na matundu yako, na utulivu wa dakika kumi.

Anza na matundu, duka baadaye

Watu wengi huanza kwa kwenda mjini kuuliza "waya wa kuunganisha laptopu na TV", wanapewa wowote uliopo, wanafika nyumbani haungii. Anza kwa kugeuza laptopu ubavu kwa ubavu uone matundu yake. Kisha nenda nyuma ya TV. Kama imefungwa ukutani na kichwa hakipiti, ingiza mkono na simu upige picha ikiwa na mwanga. Picha hiyo itunze. Dukani ukimwonyesha muuzaji hamtapishana maneno.

Tundu unaloombea ulikute pande zote mbili ni la HDMI. Ni bapa, lina upana wa kama sentimita moja na nusu, na kona zake mbili za chini zimekatwa mshazari. Ndani yake kuna pini 19, na waya mmoja hubeba picha pamoja na sauti. Mfumo huu ulitangazwa mwishoni mwa 2002, kwa hiyo TV bapa nyingi zilizopo sebuleni leo zinao, mara nyingi matundu mawili au matatu yaliyoandikwa HDMI 1, HDMI 2 na kuendelea. Ukiyakuta pande zote mbili, ruka moja kwa moja hadi kwenye urefu wa waya.

Laptopu za mtumba, hasa zile zilizotumika maofisini, nyingi zina tundu la VGA: la buluu, matundu madogo 15 kwa safu tatu, na sehemu mbili za skrubu pembeni. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987 na hubeba picha peke yake. Sauti itabidi uitafutie njia yake, nitaieleza mbele. Kama TV nayo ina VGA, mara nyingi ikiwa imeandikwa PC, nunua waya wa VGA na kazi imekwisha nusu.

Laptopu nyembamba za sasa mara nyingi huwa na Type-C tu, lile tundu dogo kama la chaja za simu za sasa. Hapa kuwa makini, kwa sababu tundu la Type-C linaweza kufanana kabisa na jingine, hili likatoa picha na lile likaishia kuchaji na kupeleka mafaili. Ukiona pembeni yake herufi D na P zilizoungana, au alama ya mshale wa radi, una matumaini makubwa. Ukiona alama ya USB tu au ya betri, beba laptopu yenyewe ukaijaribu na adapta kwenye TV ya dukani kabla hujatoa hela. Muuzaji anayekataa kukujaribishia, mwache uende duka la pili.

Na TV ya chogo? Inawezekana, tena nimeshaifanya. Utahitaji konvata ya kutoa HDMI kwenda AV, kile kiboksi kidogo chenye matundu ya njano, nyekundu na nyeupe. Lazima kipate umeme wa USB. Kichomeke kwenye laptopu yenyewe. Pembeni yake huwa kuna swichi ndogo ya PAL na NTSC. Iweke PAL, ndiyo tuliyozoea huku kwetu. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, au ikikimbia juu na chini, swichi hiyo ndiyo ya kwanza kuigusa. Maandishi madogo hutayasoma kwenye TV hiyo, lakini nyuso za watu zitaonekana vizuri tu.

Jambo moja kuhusu adapta na konvata zote, nalisema kwa msisitizo kwa kuwa lilinitoa hela mara mbili: zina mwelekeo. Konvata ya kutoa VGA kwenda HDMI haifanyi kazi ya kutoa HDMI kwenda VGA, hata kama vichwa vyake vinaingia. Nilinunua moja mjini, muuzaji akaniapia kwamba inafanya pande zote. Nikapanda nayo hadi Uru, jioni nzima TV inasema hakuna mawimbi. Usiulize kama "inaunganisha". Sema hivi: "Picha inatoka kwenye laptopu yenye VGA, inaingia kwenye TV yenye HDMI." Kisha soma maandishi ya kwenye boksi, neno la kwanza ndilo inakotoka picha. Na kama ni ya VGA kwenda HDMI, chagua yenye kawaya ka USB kwa ajili ya umeme na kawaya kengine ka kuchomeka kwenye tundu la hedifoni, ili sauti nayo ipite.

Urefu wa waya

Pima kwa kamba. Anzia kwenye tundu la TV, shuka na ukuta hadi sakafuni, fuata ukuta hadi mahali laptopu itakapokaa, ongeza nusu mita. Waya wa mita moja na nusu hukulazimisha uweke laptopu juu ya kigoda chini ya TV, na kila ukitaka kusimamisha video unainuka unawaziba watu. Mita 3 inatosha sebule nyingi. Mita 5 ni raha, nao bado hubeba picha vizuri ukiwa mzima. Zaidi ya hapo waya wa kawaida huanza kusumbua: picha inamwagika vidoti vyeupe kama chumvi, au inapotea na kurudi.

Usikubali kuuziwa waya ghali kwa sababu umeandikwa 4K wakati TV yako ni ya inchi 32 ya kawaida. Tazama vitu viwili: kichwa kisichocheza ukikichomeka, na waya mnene wa kutosha usiokunjika kama uzi.

Tena kabla ya kununua chochote, angalia king'amuzi. Vingi vimeunganishwa na TV kwa HDMI. Chomoa upande wa king'amuzi, uuchomeke kwenye laptopu. Kama picha imekuja, umeshajua laptopu yako inaweza, TV inaweza, na waya wa kununua ni wa namna gani. Ukimaliza rudisha, maana mzee akikosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku lawama ni zako.

Kuunganisha

1. Chomoa chaja ya laptopu ukutani na uzime TV. HDMI imetengenezwa ichomekwe hata vifaa vikiwa vinawaka, lakini kwenye nyumba ambayo ethi yake, yaani waya wa umeme wa kwenda ardhini, huiamini, chaja huweza kuvujisha umeme kidogo hadi kwenye bodi ya laptopu. Umewahi kupitisha kidole kwenye laptopu ya chuma ikiwa kwenye chaji ukahisi kama inakutekenya? Ndio huo. Cheche yake ikipita kwenye pini za HDMI inaweza kuua tundu la TV, na fundi wa bodi hatakutoza kidogo.

2. Chomeka waya upande wa TV kwanza, kisha upande wa laptopu. Usilazimishe. Kama hauingii, geuza kichwa.

3. Kumbuka namba ya tundu ulilotumia. Washa TV.

4. Kwenye rimoti tafuta kitufe cha Source au Input. Kwingine kina mchoro wa kiboksi chenye mshale unaoingia. Bonyeza, chagua HDMI yenye namba yako. Rimoti ikiwa imepotea, TV nyingi zina vitufe kwa chini au nyuma, kimojawapo hufanya kazi hiyo.

5. Washa laptopu, kisha shika kitufe cha Windows na ubonyeze P. Pembeni mwa kioo yatatokea machaguo manne. PC screen only ni laptopu peke yake. Duplicate inaonyesha kitu kilekile pande zote. Extend inaifanya TV kuwa mwendelezo wa meza yako. Second screen only inazima kioo cha laptopu na kuacha TV tu.

Kwa kutazama video mimi huanza na Duplicate ili nione ninachofanya, nikishafungua video nahamia Second screen only. Picha hukaa sawa na kipimo cha TV, na betri hudumu zaidi kwa kuwa kioo kimoja kimezimwa. Extend ina faida yake kama hutaki watu wasome ujumbe wako wakati unatafuta faili. Dirisha la video ulipeleke kwenye TV kwa kushika Windows na Shift pamoja na mshale wa kulia au kushoto.

6. Rudisha chaja.

Kingo za picha zikiwa zimekatwa, kwa mfano huoni saa chini ya kioo, tatizo ni TV yenyewe inayovuta picha. Kwenye rimoti tafuta kitufe cha ukubwa wa picha, au ingia kwenye menyu ya picha uchague Just Scan, Screen Fit au 1:1. Jina linatofautiana kwa kila kampuni, kazi ni moja.

Mac yenye tundu la HDMI hutumia waya uleule, picha hutokea yenyewe bila kubonyeza P.

Sauti

Hapa ndipo jioni nyingi huharibika. Picha imekuja, watu wamekaa, sauti inatoka kwenye spika ndogo za laptopu, na huko nje mvua inapiga bati.

Ukitumia HDMI, bonyeza alama ya spika iliyo kona ya chini kulia. Kuna mshale au jina la kifaa juu ya kipimo cha sauti. Bonyeza, uchague jina la TV. Kama programu ya video ilikuwa imeshafunguliwa kabla hujachomeka waya, ifunge uifungue upya, kwa sababu nyingine huendelea kushikilia spika za zamani. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, unaweza kuchagua mwenyewe kwenye menyu ya Audio, kisha Audio Device. Halafu hakikisha TV haijanyamazishwa. Nimeshahangaika nusu saa na laptopu kumbe mtoto alibonyeza kitufe cha kunyamazisha.

Ukitumia VGA, nunua waya wa jeki: upande mmoja kichwa cha hedifoni kinachoingia kwenye laptopu, upande mwingine vichwa viwili, chekundu na cheupe. Viingize nyuma ya sabufa. Kwa kweli hata mwenye HDMI, kama nyumba ina sabufa, nashauri sauti uipeleke huko. Spika za TV nyembamba zinatazama ukuta na wazee hawasikii mahubiri. Sabufa ya Bluetooth itumie kwa muziki. Kwenye video sauti yake huchelewa, padri anafunga mdomo ndipo "Amina" inasikika. Kama huna namna nyingine, VLC ina vitufe vya J na K vinavyosogeza sauti nyuma au mbele kidogo kidogo mpaka mdomo na neno vikutane.

TV ikisema hakuna mawimbi

Usiguse vitu vyote kwa mpigo. Gusa kimoja, tazama, kisha kingine. Rudia kwanza chaguo la Source, maana mara nyingi kosa liko hapo. Chomoa waya pande zote uchomeke upya. Bonyeza tena Windows na P, chagua Duplicate hata kama inaonekana imeshachaguliwa. Hamishia waya kwenye tundu jingine la TV, ukabadilishe na Source.

Bado? Sasa tumia king'amuzi kama shahidi. Chukua waya wako, uunganishe king'amuzi na TV kwenye tundu lilelile. Picha ya king'amuzi ikitokea, basi waya ni mzima na tundu ni zima, tatizo liko kwenye laptopu. Isipotokea, badili waya tu. Ikitokea kwa waya wa pili, wako ndio mbovu. Kwa njia hii ndani ya dakika tano unajua ni nini cha kupeleka kwa fundi, na fundi hatapata nafasi ya kukubadilishia kitu kizima.

Kama ni laptopu, izime kabisa, chomoa TV ukutani kwa dakika moja, washa TV kwanza, kisha laptopu waya ukiwa umeshachomekwa. Njia hii imeniokoa mara nyingi.

Umeme wa mlimani

Huku juu, jioni ya sikukuu kila nyumba imewasha taa, redio na majiko, umeme hushuka. Tazama karatasi iliyo nyuma ya TV: nyingi za bapa zimeandikwa kuanzia volti 100 hadi 240, hizo huvumilia. Za zamani zenye 220 tu zitazimika au zitacheza, nazo ni vizuri zipitie kwenye kilinda umeme.

Umeme ukikatika katikati ya video, laptopu itaendelea kwa betri wakati TV imezima, kwa hiyo simamisha video. Kisha zima TV kwenye swichi ya ukutani na uiache hivyo mpaka umeme urudi na utulie dakika chache. Ule mshtuko wa umeme unaporudi ndio unaoua TV. Wakati wa masika, radi ikianza kunguruma upande wa mlima, chomoa kila kitu: TV, chaja, waya wa HDMI na waya wa antena au dishi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, radi hupita kwenye nyaya.

Na angalia LUKU kabla ya kualika watu.

Bila waya, na kwa flashi

TV ikiwa ya kisasa, shika Windows na K, kisha kwenye TV fungua Screen Mirroring au Screen Share. Njia hii haili bando, vifaa vinazungumza vyenyewe kwa Wi-Fi. Kwa kuonyesha picha za mnato inafaa. Kwa video ya saa tatu sipendi: hukwama, sauti hukatika, na ukiwa na waya hutahangaika na lolote kati ya hayo.

Flashi nayo ni njia ya kweli kama TV ina tundu la USB linalosoma video. Ila flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Video ya harusi nzima mara nyingi inazidi hapo, ndiyo maana kompyuta inakuambia faili ni kubwa mno wakati flashi ina nafasi tele. Mwombe mpiga video akukatie vipande, katika MP4. TV ikionyesha jina la faili lakini ikagoma kulicheza, rudi kwenye waya. Laptopu yenye VLC hucheza karibu chochote.

Kabla ya kumwita bibi

Zuia laptopu isilale. Kwenye mipangilio ya umeme weka muda wa kulala uwe Never ikiwa kwenye chaji, na kama utaifunika, chagua kwamba kufunika kusifanye lolote. Zima taarifa za ujumbe. Gundisha waya sakafuni kwa selotepu pale watoto wanapopita; mguu mmoja ukiunasa, laptopu inaanguka na tundu linavunjika. Kiti cha bibi kiweke karibu, mbele kabisa, upande ambao dirisha haling'ai kwenye kioo.

Krismasi iliyofuata tuliirudia ile video ya kipaimara kwenye TV. Ilipofika sehemu ya chakula, bibi akainuka, akasogea mpaka mbele ya kabati, akaweka kidole juu ya kioo. Alikuwa kaka yake, ameketi chini ya migomba na kibuyu cha mbege mkononi. Tulimzika mwezi wa nane. "Mjukuu wangu, rudisha hapo." Kwenye VLC, Alt pamoja na mshale wa kushoto hurudisha sekunde 10, na kile kitufe kirefu cha chini husimamisha. Isimamishe, umwachie muda wake. Na uwe na daftari, kwa sababu akishamtaja huyo ataendelea na aliyekaa pembeni yake, na aliye nyuma, na mama wa aliye nyuma alitoka ukoo gani. Sisi tuliandika majina 27 jioni ile kabla umeme haujakatika.